Kaa wa Mfuko wa Ndani

Kwenye biashara ya mitumba, kilichomo mfukoni ni cha muuzaji mpaka nguo itoke mkononi mwake. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na hata angeiandika mimi nisingeisoma, shule niliiona kwa nje tu nikipita na ndizi kichwani. Lakini naijua. Ukifungua belo, kabla hujakung'uta nguo, kabla hujaitundika, unapitisha mkono mifukoni. Mimi nimekuta vifungo, nimekuta sarafu za nchi nisizozijua, nimekuta leso imepigwa pasi na kukunjwa mara nne. Mara moja nilikuta jino la mtoto, limefungwa kwenye karatasi kama dhahabu. Lile nililirusha juu ya paa, kama tunavyofanya sisi, nikamwombea mwenyewe huko aliko aote jingine.

Miaka ile ndiyo mitumba ilikuwa imeruhusiwa, ikamwagika mjini kama mvua ya masika. Sisi tuliopanga foleni kutwa nzima duka la ushirika kwa ajili ya kitenge kimoja, tuliyaona makoti yamelundikwa chini kama majani ya migomba, tukawa hatuamini. Mimi nikachagua kuuza makoti ya watoto. Watu wa mjini wakanicheka: "Bibi, Morogoro hii na makoti wapi na wapi?" Hawakujua kwamba wateja wangu wanateremka na malori ya kabichi kutoka Mgeta, kule ambako asubuhi ukisema "habari" moshi unatangulia kutoka mdomoni.

Nilipanga chumba kwenye nyumba ya vyumba sita, ua mmoja, mlima uko mgongoni kwetu. Chumba cha pili alikaa Mnyamwezi mmoja, fundi mashine wa kiwandani, pamoja na mkewe na binti yao wa miaka kumi hivi. Wanyamwezi na sisi Waluguru ni watani. Babu zao walipita hapa na mizigo kichwani kwenda pwani, babu zetu wakawauzia chakula, wakatukanana mpaka wakapendana. Basi kila asubuhi kazi yetu ilikuwa hiyo.

"Mtani," ananiambia yule fundi, ndoo iko mkononi, anaongea polepole kama mtu anayehesabu nati, "umeamka salama? Nasikia nyie Waluguru mnalala mmejifunga kamba, msije mkaporomoka."

"Na wewe tua huo mzigo, mtani."

"Mzigo gani? Sijabeba kitu."

"Hicho kichwa."

Mkewe anacheka mpaka unga unamwagika. Mimi nilikuwa nakaa mlangoni kwangu kwenye kigoda, na kikombe changu cha bati chenye maua, chai ya rangi imetiwa mdalasini wa kwetu Kinole. Kikombe kile hakuna aliyekigusa. Nilikuja nacho kutoka mlimani, kimebanduka rangi ukingoni, pale pale panapokaa mdomo wangu. Jioni wapangaji wananizunguka, "Bibi, leo tupe mwalimu," nami nawapa mwalimu wa chumba cha mwisho anavyokohoa kabla ya kuomba chumvi. "Bibi, tupe mama mwenye nyumba." Nawapa. Sauti za watu zinaniingia tu, kama vumbi linavyoingia chumbani, sijui zinapitia wapi.

Sasa koti. Lilikuwa la buluu, la mtoto, limejaa mifuko. Yule binti alilichagua mwenyewe kwa kuhesabu: mmoja, miwili, mitatu, minne. Mamake akaniambia baridi ya mwezi wa sita imemkohoza mtoto. Nikamwambia nyie watu wa Tabora mkiona wingu mnaita barafu. Tukapatana bei, nikapitisha mkono mara ya mwisho, mifuko yote minne, hamna kitu. Nikamkabidhi.

Alasiri yule binti akaja akasimama mbele yangu, koti limefungwa mpaka shingoni, jasho linamtoka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Siumwi. Bibi, koti lako lilikuwa na mfuko mmoja hukuujua."

Akafungua zipu, akanionyesha. Ndani, chini ya kwapa, kuna mfuko mdogo una zipu yake, mwembamba kama mdomo wa mtu mwenye siri. Akatoa kadi. Ndogo, inatosha kiganjani. Akaigeuza kwenye jua, ikawaka.

Nimeona vitu vizuri duniani. Nimeona maharusi, nimeona mpunga ukiwa umeiva. Ile kadi sikuwahi kuona mfano wake. Ilikuwa na kaa. Mwekundu, mgongo kama kofia ya chuma, gando moja kubwa kuliko mwili wake wote ameliinua juu, jingine dogo ameliweka chini karibu na tumbo. Nyuma yake kuna maji, na maji yale ukiinamisha kadi yanatembea! Rangi ya zambarau inakwenda, ya kijani inakuja. Sikumrudishia mpaka chai yangu ilipopoa.

Na mimi kaa namjua. Utotoni Kinole tulikuwa tunawasaka mtoni, chini ya mawe. Hatukuwala, tulicheza nao tu. Kaa wa mtoni ukimfunua jiwe hakimbii mbele, anakwenda upande, halafu anasimama, anakuinulia gando lake kubwa, mdogo hivyo, na wewe unamzidi mara mia. Mtoto mgeni anaangalia gando kubwa, anapeleka mkono kwa uangalifu nyuma ya lile gando, na hapo hapo lile dogo linamfinya. Kaka zangu wote walifinywa hivyo. Aliyechora ile kadi alikuwa ameinama mtoni siku moja, nakuapia. Macho ameyasimamisha juu ya vijiti kama inavyotakiwa, na lile gando dogo amelificha kidogo, kama inavyotakiwa.

"Fundi huyu," nikasema, "hata kama hajui kusali, kazi anaijua."

Kulikuwa na maandishi. Tukampelekea mwalimu. Mwalimu akakohoa. Akaitazama kadi, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena. Maandishi yalikuwa ya vijumba vijumba, kama viota, si ya Kizungu wala si ya msahafu. Lakini mwalimu kusema hajui, afe kwanza.

"Hii," akasema, akiivuta ile "hiiii" kama anavuta ndoo kisimani, "ni lugha ya kitaalamu. Haitafsiriki hivi hivi."

"Na hii?" yule binti akamwonyesha namba kwenye pembe.

"Hiyo ni sitini."

"Sitini ya nini?"

"Sitini... ya kiwango."

Tukarudi mlangoni kwangu. Binti akafikiri, kisha akaniambia: "Bibi, mwalimu hajui. Sitini ni umri wake. Ni rika lako."

Mimi umri wangu nilikuwa siujui. Mama aliniambia nilizaliwa mwaka nzige walipokula mahindi, sasa nzige wamekula mara ngapi? Basi kuanzia siku ile nikawa na miaka sitini. Hata karani wa kuandikisha watu alipokuja nilimwambia sitini, nikiwa na uhakika kabisa.

Tulijua ni kadi ya mchezo, maana nyuma ilikuwa na pambo kama la karata. Mchezo wenyewe uko wapi, na kadi nyingine ziko wapi, nani angetuambia? Mtoto mwingine angeiweka tu aiangalie. Huyu akakusanya maboksi ya sabuni, akayakata kwa wembe wa babake kwa kipimo cha kadi ile, akaanza kuchora kwa makaa na kalamu ya mwalimu. Akachora jogoo wa mama mwenye nyumba. Akachora kinyonga, lori la kabichi, mbuzi wa Mgeta amesimama kwenye mteremko miguu miwili mirefu na miwili mifupi. Kila mmoja akampa umri wake. Halafu akatunga sheria. Jogoo anamshinda kinyonga. Lori linamshinda jogoo, lakini mbuzi analishinda lori, kwa sababu lori likikwama kwenye matope mbuzi anapita. Ukitoa kaa, mchezo hauendi mbele, unakwenda upande: kila mtu anampa jirani yake kadi zake zote, na aliyekuwa anashinda anabaki amekodoa macho.

Sasa niambie, mtoto wa miaka kumi, sheria kama hiyo ameitoa wapi?

Kabla ya kaa, watoto wa mtaa hawakuwa wakimwita kucheza. Alikuwa mkimya, lafudhi ya nyumbani kwao imo ulimini, wakimcheka anaingia ndani. Baada ya kaa, ua wetu ulijaa. Walikuja hata wasichana wakubwa wenye sare, wa ile shule ya Kilakala, wakaketi chini na sketi zao. Yeye hakupaza sauti. Anatandika khanga, anatoa kadi za maboksi moja moja, na ya mwisho anafungua zipu ya mfuko wa ndani, na wote wanasogeza vichwa. Mimi mwenyewe, mzee mzima, nilikuwa nasahau mteja. "Bibi, koti hili bei gani?" "Ngoja, nina mbuzi hapa!"

Halafu kiwanda kikauzwa. Ndiyo ilikuwa habari ya mji mzima, leo hiki, kesho kile. Waliokinunua wakasema mashine zimezeeka, na mafundi wa mashine zilizozeeka nao wamezeeka. Mtani wangu akarudi nyumbani mchana, saa ambayo sikuwahi kumwona, akaketi kwenye ngazi na ufunguo wake mkubwa wa kufungulia nati. Sikumtania siku ile. Alikaa miezi akitafuta kazi, hamna, mwisho akaamua kurudi kwao Tabora, kulima. Akapata lori lililoleta asali, linarudi halina mzigo.

Jioni ya kuamkia safari yule binti alikuja kuketi kwenye mkeka wangu. Kadi za maboksi alikuwa amezigawa, kila mtoto moja.

"Na kaa?" nikamwuliza.

"Kaa naenda naye." Akashika kwapa pale penye mfuko. "Huko sijui mtu, bibi. Hata bibi yangu wa huko simjui. Lakini nikitandika khanga nikamtoa kaa, watakuja wenyewe. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Bila kaa hawaji."

Nilikunywa chai.

Sasa lazima nieleze jambo la utani, maana asiyelijua ataniona mchawi. Mtani wako akihama, una haki ya kushika kitu kimoja kwenye mizigo yake. Na hushiki ufagio, hushiki kata ya maji. Ukishika ufagio umemtukana vibaya, umesema huyu hana kitu. Unashika kinachouma. Mwenyewe anakikomboa, na hakikomboi kwa shilingi, anakikomboa kwa maneno, mbele za watu, mpaka wewe uliyeshika uishiwe nguvu kwa kucheka. Akinuna, ameshindwa. Akilia, kitu kimekwenda, na hakuna wa kumlaumu mwenzake.

Asubuhi lori likaja. Wakapakia kitanda, masufuria, baiskeli, wakabakiza chini jogoo mmoja kwenye tenga, apakiwe mwisho. Binti akapandishwa juu ya godoro, koti limefungwa mpaka shingoni, na jua lile. Mtaa mzima umetoka. Mtani wangu akafungua mikono yake mikubwa: "Haya, mtani. Shika."

Watu wakasema atashika baiskeli. Mimi nikazunguka lori mara moja, nikigusa hiki, nikiacha kile, naonyesha madaha. Nikapanda tairi. Nikafungua zipu ya koti la yule mtoto, na mkono wangu safari hii njia uliijua.

"Koti niliuza," nikawaambia watu, kadi iko juu, inawaka. "Mifuko minne niliuza. Wa tano nani aliniona nikiuuza?"

Watu wakacheka. Mtani wangu hakucheka haraka.

"Mtani," akasema polepole, "chukua jogoo."

"Jogoo wa kwenu? Atawika au atabeba mizigo?"

"Chukua baiskeli basi."

"Niende nayo Kinole, nikiporomoka unizike wewe?"

Mkewe akapanda, akamnong'oneza mwanawe sikioni, nikasikia: "Usilie. Mwanangu, ukilia umeliwa."

Yule mtoto alikuwa ananitazama. Macho yamejaa, ila hayajamwagika. Na mimi, niseme ukweli wangu, niliogopa. Nilichukua kile kwa sababu ndicho kilichouma, utani unataka hivyo. Nilikichukua pia kwa sababu nilikitaka. Na nilikichukua kwa sababu wanaondoka, na mimi nimebaki na mlango wa jirani uliofungwa. Lakini chozi moja lile lingedondoka, kadi ingekuwa yangu kwa haki, na ningekuwa nimekula haramu. Kuirudisha hivi hivi nisingeweza, ningewafanya si watani tena, ningewafanya maskini wa kuhurumiwa. Nikashuka, nikasimama chini na kaa mkononi, namwomba Mungu mtoto wa watu anitukane.

Akajifuta pua kwa mkono wa koti. Akashuka, tairi, chini. Akaenda mpaka mlangoni kwangu, akaketi kwenye kigoda changu, akatanua magoti kama ninavyotanua, akatwaa kikombe changu. Akakivuta: "Fyoooo!" Akafumba jicho moja. Akasema:

"Nyie wa Mgeta! Njooni hapa! Koti hili lilivaliwa na mtoto wa mfalme. Mara moja! Tena Ijumaa!"

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko.

"Nini? Tundu? Hilo si tundu, mama, hilo dirisha, mtoto apate hewa. Punguza? Nikupunguzie mimi, mzee wa miaka sitini, rika la kaa?"

Mwalimu alisahau kukohoa. Yule mtoto akainuka, kikombe mkononi, akatembea ninavyotembea, kumbe natembea bega moja liko mbele kama napanda mlima hata kwenye tambarare. Akajifanya ana koti mbele yake. Akaingiza mkono: "Mmoja! Hamna kitu. Wa pili! Hamna. Wa tatu! Wa nne! Imekwisha. Mimi mzoefu, mimi mfuko haunipiti!" Huku kwa ule mkono wenye kikombe anajipigapiga kwapa.

Mamake aliketi chini, khanga ikamfunika uso. Mtani wangu aliegemea lori, machozi yanamtiririka, anapiga bodi kwa kiganja.

Na mimi? Miaka yote naiga watu, sauti yangu mwenyewe sikuwahi kuisikia. Nani ataisikia, nayo inatoka kwake? Sasa nikaisikia. Na nikaijua. Ilikuwa ya mama yangu, anapotuita jioni kutoka mlima wa pili, ile ya kukwama kidogo mwisho wa neno kama mguu unaotafuta jiwe la kukanyaga. Miaka mingi mama yuko chini ya udongo, na huyu Mnyamwezi mdogo kamtoa pale mlangoni, na koti la mtumba mwilini. Nilicheka mpaka nikajikuta nimeketi juu ya tenga la jogoo, jogoo analalamika chini yangu.

"Chukua," nikamwambia. "Umekomboa. Chukua kaa wako kabla sijafa."

Akaichukua, akaiangalia kama sijaikunja, akaitia mfuko wa ndani, akavuta zipu.

"Bibi, mfuko wa tano umeshauza?"

"Nimeuza."

"Mashahidi mpo?"

"Tupo!" mtaa ukaitika.

Akapanda juu ya godoro. Lori likawaka. Nikapunga mkono mpaka vumbi likatua, wenzangu wakarudi kwenye kazi zao bado wanarudia, "Hilo dirisha, mama, hilo dirisha." Koo limekauka kwa kicheko, nikageuka mlangoni nikatwae chai yangu.

Kigoda kipo. Birika lipo. Kikombe hakipo.

Nilisimama pale. Tulikuwa tumekodolea macho midomo yake na bega lake, sote, mtaa mzima, na mimi niliyekulia mtoni nikiwacheka kaka zangu wakifinywa. Alipanda lori na kikombe mkononi, mbele ya macho yangu, tena nilimsukuma matako apande.

Dereva wa lori lile alipopita tena mjini alinitafuta. Akaniambia salamu nimepewa nyingi, mtani analima, mama mzima. Kikombe changu kizima, kinanywewa maziwa. Nikamwuliza, na kaa? Akasema, "Bibi, mimi sijui habari za kaa, ila kibaraza cha nyumba ile kina watoto mpaka gari halipiti." Halafu akatoa ujumbe wenyewe, kama alivyofundishwa: nikikitaka kikombe nikakikomboe, na binti pesa hapokei.

Nimekuwa nikijiandaa. Nikiwa peke yangu ninajaribu. Babake ninaye, polepole, nati moja moja. Mamake na kicheko chake ninaye. Ila yeye, namna alivyokaa kimya pale juu ya godoro, halafu namna alivyoanza, nimeijaribu sauti ile asubuhi na jioni, na bado sijaipata.